Mstari wa Kijani wa Kamanda

Nzivo Matheka alikuwa mtu mzima, mwenye kazi, mke, na binti, Mukai, aliyekuwa shule ya bweni, na kwa hiyo hakupenda kuulizwa kwa nini kila Jumamosi mchana alionekana kwenye kijumba cha uani akijaribu kofia ya chuma ambayo haikuwa ya chuma. Siku tano za wiki alikuwa karani wa idara ya maji, akinakili nambari za mita kutoka daftari dogo kwenda daftari kubwa. Siku ya sita alikuwa fundi wa Kamanda, na kama ungemlazimisha kuchagua, angekuachia mita zako zote.

Kamanda alikuwa askari wa kwenye filamu. Filamu yenyewe haikuwa na jina. Kanda ilikuwa imenakiliwa kutoka kanda nyingine, nayo kutoka nyingine, mpaka ile karatasi ya jina ikabanduka njiani, na mtaa mzima wa Donholm haukuwa na mtu wa kukwambia inaitwaje. Ndani yake mlikuwa na jamaa mrefu asiyevua kofia hata akiwa anakula, akiulinda mji wa watu wasio na shukrani. Nzivo aliikodi mwaka wa tisini na nne kwa Nyongesa, mwenye duka la kukodisha kanda, akairudisha, akaikodi tena, akairudisha, akaikodi, hadi Nyongesa mwenyewe akachoka kumwandikia risiti akamwambia aende nayo.

Mwenzake katika wazimu huu alikuwa Sylvance Okumu, fundi wa karakana ya reli, mkazi wa Makongeni. Walijuana sokoni Kariokor, mbele ya mshona viatu vya tairi, kila mmoja akijaribu kumweleza aina ya buti ambayo yule bwana hakuwa ameiona tangu azaliwe. Mshonaji aliwasikiliza kwa zamu, akaweka kisu chini, akawaambia waende wakubaliane kwanza. Wakaenda. Miaka miwili baadaye walikuwa bado wanakubaliana.

Kazi waligawana bila kugombana. Nzivo alitoka kwenye ukoo wa wachongaji. Baba yake alichonga twiga wengi kuliko walioko mbugani, na yeye mwenyewe alishika tezo kabla ya kushika kalamu. Kwa hiyo kofia ilikuwa yake, akaichonga kwa mti wa mjakaranda, nyembamba kama bakuli, akaipaka fedha hadi ungeapa ni chuma. Okumu alichukua kifua na mabega. Aliyafua kwa mabati ya mikebe mikubwa ya mafuta ya kupikia, akayapigilia ribiti moja moja, maana mtu wa reli haamini kitu kilichobandikwa kwa gundi. Ukivaa kifua kile ungeweza kugongwa na toroli na toroli ndiyo ingeenda gereji.

Sasa, habari ya mstari.

Ilikuwa Pasaka ya tisini na tano. Okumu alifika kutoka Makongeni akiwa amejitwika spika kubwa aliyoiokoa kwenye redio iliyokufa, nzito kama gunia la saruji. Walitaka kusikia vizuri mlio wa buti za Kamanda ili wajue kama soli ni mpira au chuma. Wakaiweka sebuleni, imegusana na televisheni upande wa kushoto, na kwa sababu ilikuwa nzito na Okumu alikuwa amechoka, ikabaki hapo moja kwa moja. Wakatia kanda. Kamanda alipotokea langoni mwa mji, Okumu aliinuka kwenye kochi polepole. Kwenye kofia ya Kamanda palikuwa na mstari wa kijani, ukishuka kutoka utosini hadi begani.

Walikuwa wameitazama kanda ile mara arobaini bila kuuona. Watu wenye akili zao wangejiuliza umetoka wapi. Hawa wawili waliona aibu. Nzivo alisema ni hatari kutazama kitu kwa kukizoea, Okumu akakubali, wakaanza kuitazama upya kutoka mwanzo, safari hii na daftari.

Daftari lile ningependa ulione. Okumu alishika kipimio chake cha karakana, kile cha kupimia vyuma vya mabehewa kwa unene wa unywele, akakibandika kwenye kioo cha televisheni picha ikiwa imesimamishwa na kutetemeka, akasoma upana wa mstari. Wakagundua kwamba Kamanda akisimama upande wa kushoto wa picha, mstari upo. Akitembea kwenda kulia, mstari unapotea. Wakagundua pia kwamba mlango wa nyumba ya mama yake Kamanda ulikuwa na kijani, na kwamba punda wake, akipita upande ule, alikuwa na kijani shingoni.

Kwa Nzivo, jambo lilikuwa wazi. Kwao Machakos kila ukoo ulikuwa na chapa yake ya ng'ombe, na mtu akiiona chapa anajua mnyama ni wa nani. Akaandika kwenye daftari kwamba ile ni alama ya ukoo, hutiwa kwenye kofia, milango na mifugo. Okumu aliisoma, akatikisa kichwa kwa huruma. Kijani, alieleza, ni njia wazi, kila mtu anayefanya kazi reli anajua hivyo. Kamanda akitaka kupita anaifunua, akitaka kusimama anaifunika. Ndiyo maana ipo na haipo. Wakabishana wiki tatu, kisha wakaafikiana kwamba ni vyote viwili: ni alama ya ukoo inayofunguka na kufungwa.

Basi Okumu akaitengenezea kifuniko. Kilikuwa kipande cha bati chembamba kilichoshikwa kwa bawaba, na uzi wake ulipita ndani ya bega, ukashuka ndani ya mkono wa vazi hadi kwenye kidole gumba. Ukivuta uzi, kijani kinafunikwa. Ukiachia, bati linaruka juu na kusema "tak", kama mkono wa ishara ya reli, na kijani kinang'aa. Miezi minne ilienda hapo. Nzivo alikivuta mara ya kwanza akalia machozi, na sioni haja ya kumficha.

Lakini kijani chenyewe kiliwashinda. Walichanganya rangi mikebe kwa mikebe na kila Jumamosi walipoipeleka sebuleni kuilinganisha na ya kwenye kioo, haikuwa yenyewe. Hapo ndipo Nzivo alipoanza kumwita mkewe. Kaluki alikuja kutoka jikoni akijipangusa mikono kwenye leso, akautazama mkebe, akautazama mstari kwenye televisheni, akautazama mkebe tena. Alichukua muda. Nzivo aliyekuwa na haraka alikuwa akiangalia saa. Kisha Kaluki akasema waongeze njano kidogo, au kwamba hiyo ni kijani ya chupa na inayotakiwa ni ya majani ya ndizi, nao wakafanya hivyo, na kila mara alikuwa sahihi. Hatimaye kijani kilipatikana mwezi wa Februari, na Okumu aliandika kwenye daftari: "Imekubaliwa na shemeji."

Huyu Kaluki nimwelezee vizuri, maana yeye ndiye aliyekuwa akikitaka kijumba. Alikuwa katibu muhtasi katika ofisi kubwa ya serikali mjini kwa miaka kumi na tisa, mpaka ilipokuja barua ya kupunguza wafanyakazi mwanzoni mwa tisini na tano, akarudi nyumbani na maua ya plastiki aliyokuwa nayo mezani. Hakukaa kulia. Alinunua mashine ya kufuma sweta, akajifunza kuitumia wiki mbili, na shule moja ikamwagiza sweta sitini. Mashine ilikuwa ndefu kama jeneza la mtu mfupi, na mahali pekee ilipoenea ni kwenye meza ya kulia. Kwa hiyo familia ya Nzivo ilikula sahani zikiwa magotini, huku kijumba cha uani, chenye dirisha, taa na meza imara, kikiwa kimekaliwa na mtu asiyekuwepo.

Aliomba kijumba mara ya kwanza kwa upole. Nzivo akasema baada ya kumaliza mabega. Aliomba mara ya pili, Nzivo akasema baada ya buti. Mara ya tatu hakuomba, alitaja tu kwamba amefuma mkono mmoja wa sweta mara tatu kwa sababu ya kuihamisha mashine kila wakati wa chakula. Nzivo alijua mkewe ana haki. Hilo ndilo lililomuumiza. Nje ya kijumba kile alikuwa mtu wa kunakili nambari zilizoandikwa na wengine. Ndani yake mikono yake ilijua kitu, na hakuwa na hakika kama nje ya mlango ule ingeendelea kukijua.

Ndipo Nyongesa alipobandika tangazo kwenye kioo cha duka lake. Jumamosi ya pili ya Agosti, katika ukumbi wa kanisa, wateja wote walialikwa kuja wamevaa kama mtu wa kwenye filamu waipendayo. Vazi liwe limetengenezwa kwa mkono. Mshindi angekuwa yule ambaye vazi lake linafanana zaidi na la kwenye kanda, na chochote ulichoongeza kutoka kichwani mwako kingekupunguzia alama.

Nzivo alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevaa buti tayari. Alimwambia Kaluki kwamba akishinda amwachie kijumba, na akishindwa, Jumatatu yake mashine iingie naye hatasema neno. Kaluki alikuwa anafumua sufi. Alifikiri kwa muda, akauliza kama hilo ni neno lake. Nzivo akasema ni neno lake.

"Basi na mimi nimekubali," Kaluki alisema. "Lakini usije ukanibadilikia, Baba Mukai."

Siku yenyewe walitoka saa nane mchana. Nzivo alivaa kila kitu nyumbani, kwa sababu Okumu alisema bolti za kifua hazifungwi barabarani. Akatembea Donholm nzima akiwa Kamanda, jua la Agosti likijitahidi, jasho likimtiririka ndani ya mjakaranda, na Okumu akimfuata nyuma na kopo la mafuta ya mashine, akitia tone kwenye bawaba kila baada ya nyumba tano. Kaluki alikuja mwishomwisho na mkoba wake wa ofisini. Akinamama waliokuwa sokoni walimpa pole, naye akazipokea.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Nyongesa alikuwa amekaa mezani amevaa tai, na kando yake mwamuzi mwenzake, Mwalimu Phelister Akech, mwalimu wa sanaa wa sekondari, mwanamke wa miwani na rula ambaye aliwahi kumpa mwanawe mwenyewe alama thelathini. Alitangulia binti mmoja aitwaye Mwongeli, aliyekuwa malkia mwenye taji la vifuniko vya soda. Akafuata haramia mwenye jicho moja, ambaye jicho la pili liliendelea kuchungulia kando ya kitambaa. Nzivo aliwatazama kupitia tundu za kofia akajisikia ameshashinda. Kisha mlango ukafunguliwa akaingia Kamanda mwingine.

Huyu alikuwa kijana wa mtaa wa Lucky Summer, Lusweti, mchomeleaji wa vyuma kwenye karakana za Baba Dogo. Vazi lake lilikuwa la bati tupu, kofia ya bati pia, limeunganishwa kwa moto bila mshono kuonekana. Buti zilikuwa sawa. Mabega yalikuwa sawa. Okumu aliyazunguka mara mbili akitafuta kosa, akarudi kwa Nzivo akamnong'oneza kwa sauti ya msiba kwamba yamepigwa vizuri sana. Halafu macho yake yakang'aa. Lusweti hakuwa na mstari.

Nzivo aliitwa mbele. Alisimama, akageuka kushoto, akavuta uzi, akaachia. Tak. Kijani kikafunguka mbele ya watu mia mbili, na ukumbi mzima ukapiga makofi kama umeona treni ikifika kwa wakati. Wakataka tena. Akavuta tena, tak, tena, tak, hadi Mwalimu Phelister mwenyewe akainuka na rula yake kuja kuchungulia bawaba. Aliuliza nani aliyebuni. Okumu akasema hawakubuni kitu, mwalimu, walinakili.

Hapo Lusweti akasimama. Alizungumza kwa heshima, kofia kwapani.

"Madam, si kwa ubaya. Hawa wazee wameongeza. Hiyo grini haiko kwa kanda. Mimi niko na kopi ya hiyo kanda, nimeicheki karibu mara mia."

"Hata sisi tuliitazama mara arobaini kabla hatujauona," Nzivo alijibu kutoka ndani ya mjakaranda, na sauti yake ikatoka nzito, ya kikamanda, na watu wakaguna kwa kukubali.

Mwalimu Phelister alifikiri. Akasema filamu ile aliiona zamani mjini, na sasa anapokumbuka vizuri, ndiyo, kulikuwa na kitu cha kijani. Nyongesa naye akasema anakumbuka. Haramia anakumbuka. Nusu ya ukumbi ilikuwa inaukumbuka mstari ule, wengine wakikumbuka hadi upana wake. Lusweti aliangalia huku na huku kama mtu aliyeingia kanisani siku si yake. Akaomba kitu kimoja tu, kanda itiwe watu waone.

Kanda ya Nzivo ikatiwa. Nyongesa alikuwa amekuja na deki yake, lakini televisheni ilikuwa ya ukumbi, na televisheni ya ukumbi ilikuwa ya zamani, ya picha nyeusi na nyeupe. Watu walipoona hivyo walicheka. Kamanda akatokea langoni, wa kijivu, akatembea kushoto, akatembea kulia. Nyumba ya mama yake ikapita, ya kijivu. Mwalimu Phelister akakunja mikono akasema televisheni hii haiwezi kuonyesha kijani wala njano, kwa hiyo haithibitishi lolote, na palipo na shaka yeye humpa alama aliyefanya kazi zaidi. Akachukua kalamu. Lusweti alikaa chini.

Kila mtu aliona kesi imekwisha isipokuwa Nzivo, kwa sababu Nzivo alikuwa bado anatazama. Kamanda yule alikuwa na mshipi mwekundu kiunoni, na kwenye televisheni ile nyekundu yake ilionekana nyeusi kama kiwi ya viatu. Kijani cha majani ya ndizi juu ya fedha nacho kingeonekana. Kingeonekana cheusicheusi, au kijivu kilichokolea, lakini kingeonekana. Alitazama kofia. Fedha tupu, kutoka utosini hadi begani. Alitazama mlango wa mama. Alitazama punda. Moyo ukamshuka hadi kwenye soli za tairi.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua, na kofia ilimficha uso. Alimtafuta Kaluki kwa macho, akamwona safu ya tatu, mkoba mapajani, anamtazama yeye wala si televisheni. Nzivo akakumbuka kijumba, dirisha, meza, harufu ya mjakaranda, Jumamosi zote zilizobaki maishani mwake. Akajiambia kwamba kazi waliifanya kweli, bawaba ni ya kweli, makofi ni ya kweli. Karibu ajishawishi. Kisha akamwona Lusweti amekaa, kofia yake imegeuzwa juu ya magoti, akiipangusa ndani kwa mkono wa shati. Ndani ya kofia ile, mahali ambapo hakuna mwamuzi angechungulia, kila alama ya moto ilikuwa imepigwa tupa hadi ikalainika. Nzivo naye alikuwa ameipiga msasa kofia yake kwa ndani, jioni tisa, bila kumwambia mtu.

Alijaribu kuivua kofia. Haikutoka. Jasho na joto vilikuwa vimeufanya mti uvimbe, na alipoivuta, uzi nao ulivutika, kifuniko kikaanza kufunguka na kufungwa, tak, tak, tak, watu wakadhani ni onyesho linaendelea wakapiga makofi upya. Ikabidi Okumu aje, amkanyage mguu, amshike masikio ya kofia na kuivuta kama anang'oa muhogo. Ilipotoka, Nzivo alikuwa amelowa jasho, nywele zimemlala, na mwenye huzuni kabisa.

"Mwalimu, huo mstari haupo," alisema. "Mshipi wake mwekundu umeonekana mweusi. Kijani ingeonekana pia. Sijui tuliiona wapi, lakini kwa kanda haiko. Huyu kijana amesema kweli."

Okumu alimwuliza kwa sauti ndogo, iliyojeruhiwa, anafanya nini, omera, ndugu yangu, na kalamu ilikuwa imeshashikwa. Kisha yeye mwenyewe akaisogelea televisheni, akainama, akaikodolea macho kama anavyokagua ekseli iliyoshukiwa kuwa na ufa. Alikaa hivyo mpaka punda akapita.

"Hata punda," alisema, akaenda kukaa.

Mwalimu Phelister alivua miwani, akaifuta, akasema yeye pia sasa anakumbuka vizuri zaidi. Akampa Lusweti nafasi ya kwanza na kina Nzivo ya pili. Lusweti alipokea makofi yake haraka, kisha akaja moja kwa moja kwa Okumu akaomba aonyeshwe ile bawaba inavyofanya kazi, na Okumu, ambaye dakika moja nyuma alikuwa ameapa hatashika bati tena, akaanza kumweleza kuanzia ribiti ya kwanza. Nzivo aliwaacha hapo wameinama.

Alirudi nyumbani kwa miguu na mkewe, kofia kwapani, kifua bado kimefungwa maana spana ya bolti alikuwa nayo Okumu. Walipita maduka. Nzivo akasema Jumatatu ni mbali, mashine itaingia leo. Kaluki akasema haya. Wakaenda hatua kadhaa.

"Ni ile spika," Kaluki alisema.

Nzivo hakuelewa. Kaluki akamweleza, bila haraka, kwamba ndani ya spika kuna sumaku, na televisheni ya rangi haipendi sumaku; ofisini kwao kulitokea hivyohivyo. Siku spika ilipoingia sebuleni ndiyo siku kijani ilipoingia kwenye kioo. Msomaji wa habari alikuwa na shavu la kijani kila jioni. Kipa wa upande wa kushoto alikuwa wa kijani dakika arobaini na tano. Nzivo angeona mwenyewe, kama angewahi kukaa kutazama kitu kingine tofauti na Kamanda.

"Umejua zaidi ya mwaka mzima?"

"Nimejua kutoka jioni ya kwanza."

Nzivo alisimama katikati ya njia. Alihesabu kwa mawazo mikebe yote ya rangi, miezi minne ya bawaba, daftari, chapa ya ukoo. Alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Akamwuliza kwa nini basi hakusema hata leo, pale ukumbini, wakati neno moja lingempatia kijumba chake.

"Kijumba nilikitaka," Kaluki alisema. "Hiyo kijani ndiyo sikutaka iishe." Alihamisha mkoba kutoka bega hili hadi lile. "Ofisini bosi hakutia sahihi barua kabla hajaniuliza iko sawa. Miaka kumi na tisa, Baba Mukai. Nikarudi nyumbani, na hakuna mtu aliyeniuliza kitu tena. Si wewe, si mtu. Isipokuwa Jumamosi unaniita na mkebe wako, unataka kujua inafanana au haifanani. Ningekwambia ni spika, ungeniuliza nini tena?"

Nzivo aliona zile Jumamosi zote kwa mpangilio, mkewe amesimama na leso mkononi akiutazama mkebe kwa makini, na yeye kando yake akiangalia saa. Aibu ilimpanda kutoka chini ya bati hadi masikioni, na ilikuwa kubwa kuliko ya ukumbini, maana hii alikuwa ameitengeneza peke yake, bila Okumu.

Aliitoa kofia kwapani, akaitazama, akampa.

"Huu mstari tuufute au tuuache?" aliuliza. Kisha akasema alichokusudia kusema. "Wewe unaonaje?"

Kaluki aliishika kofia kwa mikono miwili, akaigeuza kwenye jua, upande huu na upande ule. Alichukua muda wake wote. Nzivo alisubiri, na saa iliyokuwa mkononi mwake hakuiangalia.

Mstari ubaki, Kaluki alisema, kwa sababu bila huo kofia ingekuwa sufuria. Lakini kwa kuwa ameulizwa, kuna mambo mengine. Masikio ya kofia hayalingani, la kulia liko chini kidogo. Buti zile za tairi zinamfanya Kamanda atembee kama bata. Na kile kifua, yeye tangu mwanzo alikiona kirefu mno, mtu hawezi kuketi. Nzivo aliuliza kirefu kiasi gani. Akamwonyesha kwa mkono. Walifika mlangoni Kaluki bado anaeleza, na alikuwa hata hajafika kwenye mabega.